Banda la gari la tofali: jinsi ya kumpata fundi na kukubaliana naye

Msimu wa mavuno ukiisha na mazao yakishauzwa, kuna swali ambalo hurudi kwenye simu zetu za studio. Mtu amenunua bajaji, pawatila, trekta au pikapu ya kubebea mizigo. Sasa anataka kuijengea banda la tofali lenye mlango wa kufungwa, ili chombo kisilale juani wala kunyonywa mafuta usiku. Anauliza: nitampataje fundi ambaye hatanimalizia fedha?

Katika makala haya tunasema banda la gari, kwa sababu neno gereji kwa wengi wetu ni mahali pa kutengenezea magari. Ukimwambia fundi unataka gereji, usishangae akianza kukuchimbia shimo la kuingilia chini ya gari.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Banda la gari si chumba kikubwa tu. Fundi anaweza kuwa amejenga nyumba kumi nzuri kijijini na bado hajawahi kujenga mlango wenye upana wa mita 3. Mlango wa chumba una upana wa sentimita 90 hivi, na uzito wa juu yake ni mdogo. Mlango wa gari ni mara tatu ya huo. Kuta zake za pembeni ni ndefu na hazina ukuta wa ndani wa kuzishika katikati, na sakafu yake inabeba uzito unaotembea. Kwa hiyo usimtafute fundi mzuri kwa ujumla, mtafute anayeelewa mambo hayo matatu.

Pima chombo chako kwanza

Kabla ya kuongea na fundi yeyote, chukua futi ya utepe upime chombo chenyewe: urefu, upana vioo vikiwa vimefunguliwa, na kimo hadi sehemu ya juu kabisa. Kwenye trekta sehemu hiyo mara nyingi ni bomba la moshi au paa la dereva. Pikapu ya milango minne ina urefu wa zaidi ya mita 5, wakati bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi. Ongeza nafasi ya kufungua mlango na kuzunguka ukiwa umebeba kitu, angalau sentimita 80 kila upande. Kwa gari moja dogo au pikapu, banda la mita 4 kwa mita 7 linatosha vizuri na linabakiza kona ya kuwekea jembe la trekta, dumu na vipuri. Mwenye trekta na tela afikirie zaidi.

Fikiria pia gari litaingiaje. Banda linaloelekea njia nyembamba hukulazimisha kukata kona kali kila siku, na nguzo ya mlango ndiyo inayoumia. Na kama unajenga karibu na barabara kuu au barabara ya mkoa, kumbuka kuwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga ndani ya hapo, alama ya X itakufikia siku moja. Kwenye miji na miji midogo unahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Kijijini, pita kwa mtendaji wa kijiji uulize utaratibu kabla hujamwaga mchanga.

Pa kumtafutia

Wanaoanzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi wanapata majina haraka, lakini wakae chonjo. Baadhi ya mafundi hupewa cha juu na muuza duka kwa kila mteja wanayemleta, na fundi wa namna hiyo ana sababu ya kukuandikia mifuko mingi kuliko unayohitaji. Njia tunayoiamini zaidi ni kuanza na ukuta wenyewe. Ukiona jengo limesimama wima na halina nyufa, gonga hodi uulize nani alijenga. Shule, zahanati na ofisi za kata nazo zilijengwa na watu, na wengi wao wanaishi jirani.

Cheti ni kitu kizuri. VETA hutoa mafunzo ya uashi, na pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini bila kukaa darasani. Fundi aliyepitia huko amepimwa na mtu mwingine mbali na shangazi yake. Hata hivyo tumeona fundi asiye na cheti mwenye mkono safi, na mwenye cheti anayejenga ukuta wenye tumbo. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, husajili makandarasi kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Huko utakwenda kama kazi ni kubwa, kwa mfano maghala ya ushirika au banda la magari mengi. Kwa banda moja la nyumbani wengi humtumia fundi wa mtaani.

Angalia kazi zake zilizonyeshewa

Mwombe fundi akutajie kazi tatu, na walau moja iwe imepita masika mawili. Ukuta wa mwezi uliopita haujakwambia kitu bado. Nenda mwenyewe, fundi asiwepo.

Ukifika, funga jiwe kwenye uzi na uliache lining'inie kando ya kona ya ukuta. Hiyo ni timazi ya bure. Uzi na kona vifuatane kutoka juu hadi chini. Tazama juu ya milango na madirisha. Ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali unaonyesha lenta dhaifu au msingi uliokaa vibaya. Kama ukuta haujapigwa plasta, angalia maungio ya kusimama: ya mstari mmoja yasikae juu ya ya mstari wa chini yake. Pale yanapofuatana ukuta unapasuka kama kitambaa kwenye mshono.

Kisha muulize mwenye nyumba maswali yasiyo ya kiufundi. Alimaliza kwa muda aliosema? Aliomba fedha nje ya makubaliano? Saruji iliyobaki ilikwenda wapi? Saidia fundi walilipwa? Hilo la mwisho lina maana kubwa. Fundi anayewadhulumu wasaidizi wake hubadilisha vijana kila wiki, na zege lako linachanganywa na mtu aliyefika jana.

Maswali ya mlango wa mita 3

Mlete fundi kwenye kiwanja. Kabla hujamuuliza chochote, msikilize. Fundi anayejua atakuuliza: ni gari gani, maji ya mvua yanapita wapi, udongo wa hapa ukoje, geti ni la chuma au la mbao. Anayekutajia bei kabla ya kuuliza hayo anakadiria kitu ambacho hajakiona.

Sasa muulize: "Fundi, juu ya mlango huu wa mita 3, lenta utaiwekaje?" Jibu la "kama kawaida" halitoshi. Lenta ya kawaida ya mlango wa chumba ikitumika hapa itapinda katikati, geti litagoma kufunguka, na siku moja tofali za juu zitashuka. Watoto hupenda kucheza kwenye kivuli cha mlango huo.

Kwa banda lenye paa la bati peke yake, sisi tungetaka kusikia mambo haya: lenta yenye kimo cha kama sentimita 30, nondo zisizopungua nne za milimita 12, mbili chini na mbili juu, ringi kila baada ya sentimita 15 hadi 20, na nondo hizo zisiishie mlangoni bali ziungane na mkanda wa lenta unaozunguka banda zima. Pande mbili za mlango zisimame nguzo za zege zenye nondo zilizoanzia kwenye msingi. Geti la chuma ni zito, na kila linapofungwa kwa nguvu linapiga ukuta. Bawaba zilizochomekwa kwenye tofali tupu hulegea mapema. Zilizochomelewa kwenye vyuma vilivyofungwa na nondo za nguzo hazihami. Kama unataka kuweka tangi la maji au chumba juu ya banda, vipimo hivi havitoshi, hapo mtafute mhandisi wa halmashauri.

Mkanda wa kuzunguka wengi huuona kama gharama ya bure. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, watu zaidi ya 15 wakafariki na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Tofali zilizopangwa juu ya udongo bila kitu cha kuzifunga pamoja haziwezi kustahimili mtikisiko wa namna hiyo. Na mkanda unasaidia hata pasipo tetemeko: unashika kuta ndefu za banda zisifunguke juu pale upepo unapovuta paa.

Swali la pili ni la zile kuta za mita 7. Muulize atazishikaje katikati. Jibu zuri ni nguzo ya tofali au ya zege inayotokeza kwenye ukuta kila baada ya mita 3 hadi 3.5.

Swali la tatu ni mbao za kushikilia lenta zitatoka lini. Akisema kesho kutwa, mshukuru na umwache aende. Kwa upana huu zisiondolewe kabla ya siku 14, na siku 21 ni salama zaidi. Zege hupata sehemu kubwa ya nguvu yake katika siku 28, tena kama linamwagiwa maji siku saba za mwanzo.

Halafu sakafu. Kwa gari dogo au bajaji, zege la sentimita 10 juu ya mawe yaliyoshindiliwa linatosha. Kwa trekta au lori omba sentimita 15. Sakafu ishuke kidogo kuelekea mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, ili maji ya tairi yatoke. Na ukuta uwe na matundu ya hewa chini na juu. Moshi wa gari una hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu, na katika banda lililofungwa inaua mtu kabla hajajua anaumwa. Usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika chache.

Kama kijiji chenu kina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, mwambie fundi mapema. Udongo huo huvimba na kunywea, na msingi wa kina cha kawaida utavunjika nao. Lazima kuchimba hadi udongo mgumu chini yake au kuundoa na kujaza changarawe. Fundi wa hapo hapo kwa kawaida anajua hili kuliko mgeni wa mjini.

Hesabu vifaa mwenyewe

Fundi atakupa orodha ya vifaa. Ipokee, halafu kaa chini na simu yako, sehemu ya kikokotoo.

Banda la mita 4 kwa 7 lina mzunguko wa mita 22. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, eneo lake ni mita za mraba 66. Toa mlango wa mita 3 kwa 2.7, karibu mita 8, zinabaki 58. Tofali za saruji za inchi 18 kwa 9 huingia karibu 10 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo unahitaji kama 580, na ukiongeza za kuvunjika, 610. Mistari mitatu ya msingi inaongeza kama 150. Jumla ni kama 760, bila kuhesabu pembetatu za juu kama paa ni la mgongo. Fundi akiandika 800 au 850, anajipa nafasi. Akiandika 1,200, mwambie akuonyeshe hesabu yake.

Tofali za saruji usizinunue kwa macho. Tofali nzuri za inchi 6 hutoka kama 25 hadi 30 kwa mfuko mmoja. Wapo wanaotoa 45 na zaidi, na hizo hubomoka mkononi. Kwaruza moja kwa msumari, kisha iachie ianguke kwenye ardhi ngumu kutoka kiunoni. Ikimegeka kona tu, nzuri. Ikisambaa kuwa mchanga, ondoka. Kwa tofali za kuchoma, gonganisha mbili: zilizoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa sauti ya gogo. Loweka moja usiku kucha, asubuhi iwe bado imara.

Kwenye mfuko wa saruji kuna namba, 32.5 au 42.5. Ya pili ina nguvu zaidi, iweke kwenye nguzo, lenta na sakafu. Ya kwanza inafaa kujengea na kupiga plasta. Mifuko ikae juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na iliyoganda mabonge isitumike kwenye zege.

Zege la lenta na sakafu ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa ndoo za lita 20, hiyo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto kwa mfuko mmoja. Kaa pale siku ya zege uhesabu ndoo. Vijana hupenda kuongeza maji ili koleo liteleze, nawe zuia, kwa sababu zege la uji halina nguvu.

Siku ya kuweka msingi, kipimo kimoja kinakutosha. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, halafu ule mshazari mwingine. Kwa mita 4 kwa 7 yote miwili iwe mita 8.06. Ikitofautiana, banda limepinda, na ni afadhali kusogeza kamba leo kuliko kukata bati kesho.

Mkataba wa karatasi moja

Kuna namna tatu za kumlipa fundi. Malipo ya siku huifanya kazi iwe ndefu. Malipo kwa tofali huifanya iwe ya haraka na chafu. Sisi tunapendelea bei ya kazi nzima iliyogawanywa kwa hatua, na vifaa ununue mwenyewe.

Sheria ya Tanzania inakubali makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna ushahidi. Andikeni kwa mkono kama hamna mashine: majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, vipimo vya banda, unene wa lenta na idadi ya nondo, nani analipa saidia fundi, nani analeta maji, nani analinda vifaa usiku, siku ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba kilichojengwa kinyume na vipimo kitarudiwa kwa gharama ya fundi. Kila upande uweke shahidi mmoja. Kama mtendaji wa kijiji yupo tayari kugonga muhuri, afadhali. Piga picha karatasi hiyo kwa simu.

Kuhusu mgawanyo, tuseme ufundi ni shilingi milioni 1. Huo ni mfano wa hesabu, si bei. Laki 1 anapewa akianza, ya chakula na vifaa vidogo. Laki 2 msingi ukiisha. Laki 2 kuta zikifika lenta. Laki 2 lenta ikishamwagwa na mbao kuondolewa. Laki 2 paa na sakafu vikikamilika. Laki 1 ya mwisho inabaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe juu ya banda. Fundi mzuri ataguna kidogo na kukubali. Anayetaka nusu ya fedha kabla ya kuchimba msingi huenda anazipeleka kumalizia kazi ya mtu mwingine, na wewe utamaliziwa na fedha za atakayefuata.

Lipa kwa simu ukiweza, kwenye namba yenye jina lake, na usifute ujumbe wa malipo. Piga picha kila hatua, hasa vitu vitakavyofunikwa: mawe ya msingi, nondo kabla ya zege, mpangilio wa ringi. Baada ya plasta hakuna atakayeziona tena.

Kazi ikisimama

Mara nyingine fundi anatoweka wiki mbili kwa sababu ya msiba au kazi nyingine. Mpigie, kisha mwandikie ujumbe wenye tarehe ya kurudi. Asiporudi, usimwingize fundi mwingine kabla ya kuandika kazi ilipofikia mbele ya mashahidi, la sivyo kila mmoja atamtupia mwenzake lawama za ufa.

Kutomaliza kazi kwa kawaida ni madai, si jinai, ndiyo maana polisi mara nyingi watakurudisha. Anza na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, awakutanishe. Ikishindikana, fungua madai mahakama ya mwanzo, ukiwa na karatasi, ujumbe wa malipo na picha. Mlango huo uko wazi kwa fundi pia. Kama ameketi siku sita akisubiri nondo ulizoahidi, au amemaliza kuta na fedha ya hatua hiyo haijafika, karatasi ile ile inamtetea, kwa hiyo usimwite kiwanjani kabla vifaa vya hatua nzima havijafika.